Mpita Njia wa Pili

Walikuja Machi, na malori matatu,
wakaufunga mtaa wetu kwa utepe wa njano
kama mahali palipouawa mtu.
Mvua ya Burnley ilikuwa inanyesha kama kawaida yake
lakini haikuwatosha:
wakaleta mvua yao, kwenye tangi, yenye bomba.

Namba kumi na tisa, nyumba ya marehemu Bibi Ormerod,
ilikuwa tupu tangu halmashauri ipigilie mbao madirishani.
Wakazing'oa mbao.
Wakapaka ukungu ukutani kwa brashi,
kwa subira, doa baada ya doa.
Wangeniuliza. Ninao wa bure
juu ya kitanda cha Declan, unaota bila mshahara.

Mwigizaji akaja kubisha kwangu. Imogen, jina lake,
kucha safi zilizochafuliwa kwa makusudi.
Nionyeshe, akasema, unavyotia hela kwenye mita ya umeme.
Nikamwonyesha: unachukua kadi hadi dukani kwa Sarwar,
pauni tano, unarudi, unaichomeka,
unangoja namba zibadilike.
Na uso? akauliza. Uso unaufanyaje?
Sikuwahi kudhani uso hufanywa kitu.
Nikamwambia, nafungua friji
nione kama taa yake imerudi.
Akaandika.

Alhamisi wakahitaji watu wa kupita.
Pauni tisini na mbili, na chakula cha moto, na keki.
Nikapita mbele ya dirisha la kumi na tisa
na mkoba wa dukani, mtupu, waliojaza magazeti
ili uonekane mtupu vizuri zaidi.
Mara kumi na moja nilipita.
Punguza mwendo, Maxine, akasema mwongozaji,
tembea kama mtu aliyechoka.
Saa nane mchana, juu ya mawe niliyoyazoea toka utoto,
nikajifunza ninavyotembea.

Saa nane hiyohiyo kiti changu kilikuwa kitupu
katika ofisi ya ajira, ghorofa ya pili.
Nilikuwa nimepiga simu asubuhi. Dakika arobaini
walinichezea kinanda.
Na pato nililitangaza, lote, hadi senti;
mashine ikaniambia asante.

Barua ilinikuta mlangoni, kiatu kimoja mguuni.
Hukuhudhuria. Siku ishirini na nane bila posho.
Hapakuwa na muziki.
Nilisoma, nikatafuta kiatu cha pili,
nikampeleka mtoto shule.
Zile tisini na mbili zilikuwa zimeshakwenda,
nusu kwa Sarwar, nusu kwa deni la kodi,
na keki ilikuwa keki.

Ilioneshwa Novemba. Tulitazamia kwa Noreen,
yeye mita yake ilikuwa na uhai.
Imogen alipokea barua. Alikaa ngazini.
Akalia taratibu, chozi moja moja,
na nchi nzima ikalia naye; hata waziri mmoja
alisema redioni kwamba ameguswa.
Gazeti moja likadai wametia chumvi.
Noreen akacheka hadi akakohoa:
chumvi gani? Hawa wameipunguza.

Mama, wewe huyo!
Nyuma ya chozi la Imogen, ng'ambo ya kioo,
kitu cha rangi ya kijivu kilipita.
Sekunde mbili. Hakina uso.
Kimebeba mkoba.
Namtambua kwa mwendo tu.

Tulivuka barabara usiku. Kumi na tisa
imerudishiwa mbao zake.
Ukungu wao waliufuta kabla ya kuondoka,
wakapaka ukuta rangi nyeupe, ya gharama,
nyuma ya mbao, hakuna aionaye.

Declan akaniuliza, wiki ijayo je, atarudishiwa hela zake?
Nadhani atarudishiwa, nikasema.
Mbona sisi ilichukua mpaka Juni?
Wao wana sehemu tatu tu, mwanangu.

Nikachomeka kadi.
Nikafungua friji.
Nikasimama pale, mkono mlangoni,
nikijaribu, Mungu anisamehe,
kukumbuka uso unaufanyaje.